Redio ya Chumba cha Pili

Kitabu cha jiografia nilichojifunzia mwenyewe kilinifikia kikiwa hakina mwanzo. Nilikikuta sokoni Lushoto kwa mama muuza karanga, ambaye alikuwa akichana kurasa zake mojamoja kufungia wateja, na siku hiyo alikuwa amefika sura ya nne. Nilinunua kilichobaki. Sura tatu za kwanza za elimu yangu ya dunia ziliondoka na karanga, na mpaka leo sijui zilisema nini.

Mimi ni seremala. Shule yangu ilikoma darasa la saba, na mengine nimeyasoma peke yangu kwa utaratibu niliojiwekea: somo moja likiisha ndipo linaanza lingine, na nisichokielewa sikiruki. Jiografia ilinichukua muda mrefu kuliko masomo yote kwa sababu ya ukurasa mmoja uliokuwa na jedwali la safu mbili. Kushoto nchi zilizoendelea, kulia nchi zinazoendelea. Watoto wachache, watoto wengi. Wazee wengi, wazee wachache. Watu wachache katika kila chumba, watu wengi katika kila chumba.

Mstari wa vyumba ndio ulionishika, maana vyumba ni kazi yangu. Mtu akijenga, mimi ndiye ninayekuja kupima milango na madirisha. Nilikuwa nikiusoma ukurasa ule karakanani mvua ikinyesha na wateja wasipokuja, kisha nikiinua macho kuangalia mlima wa mbele yetu, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Na kwa namna fulani lilikuwa limeandikwa. Babu yangu alipowagawia watoto shamba, hakulikata kwa kukatisha mlima. Aligawa kwa kushuka, toka mgongoni mwa kilima hadi bondeni penye maji, ili kila mtoto apate sehemu kavu ya mahindi na sehemu ya unyevu ya kabichi. Baba naye akagawa hivyohivyo, na majirani wote wamegawa hivyohivyo. Ni haki, hakuna anayelalamika, ila kila kizazi kinapopita vipande vinabaki na urefu uleule na kupungua upana. Changu sasa ni kirefu kama barabara na chembamba kama uchochoro. Mpaka wake ni masale yaliyopandwa kwa mstari, na jembe likinikengeuka kidogo nakuwa nimemlimia baba mdogo. Ukungu unapopanda kutoka upande wa Mombo na kukaa katikati ya mlima, mistari ile huonekana juu na chini lakini si katikati, na ukikaa ukiitazama kwa muda hujui tena ni mlima unaoelea au ni wewe.

Safu ya kushoto ya jedwali nilikuwa nikiisikia kwa simu. Mdogo wangu wa kike, tuliyenyonya ziwa moja, alisomea uuguzi na akapata kazi Ulaya ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Alikuwa akinipigia Jumapili. Nilimuuliza maswali kwa mpangilio, naye alinijibu kwa mpangilio, kwa kuwa alinijua. Barabara zikoje? Safi. Maji? Ya moto na ya baridi, saa yoyote. Watoto? Akasema mtaa anaofanyia kazi ulikuwa na shule, na shule ile sasa ni mahali pa kufanyia mazoezi ya viungo.

Alikuwa akimhudumia bibi mmoja aliyeishi katika nyumba ya vyumba sita. Vitano vilikuwa vimefungwa, na vyuma vya kupashia joto humo ndani vimezimwa. Kila jioni kabla hajaondoka, mdogo wangu aliombwa na bibi yule afanye jambo moja: aingie chumba cha pili, awashe redio kwa sauti ndogo, atoke na afunge mlango.

"Anasikiliza taarifa ya habari?" nilimuuliza.

"Hasikii hata neno moja. Anataka sauti ya watu ipite ukutani."

"Si angeiweka hapo alipo, kando ya kitanda?"

"Kaka, redio ukiiona unajua ni redio."

Nililifikiria jibu hilo siku nyingi nikipiga randa. Sikujua niliweke katika safu gani.

Mama yetu alikuwa akilala jikoni. Si kwamba hakuwa na chumba. Nyumba ya zamani aliyotuzalia ilikuwa bado imesimama, ingawa imeinama upande mmoja. Lakini baada ya baba kufariki alihamia jikoni, kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, akalala kando ya mafiga na wajukuu wamemzunguka. Juu ya moto zilining'inia mbegu za mahindi, zimefungwa mafungu kwa maganda yake, zimekuwa nyeusi kwa masizi ili fukusi wasizile. Na yeye alikuwa akikaushwa vilevile. Kifua chake kilianza kwa kukohoa asubuhi tu. Baadaye akakohoa mchana kutwa, akawa akipanda kutoka bondeni anakaa chini mara kwa mara na kujifanya anatazama kabichi za watu.

Nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye lafudhi ya pwani, alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamwamkia tena kana kwamba amesahau, kisha akasema, "Bibi, dawa nitakupa. Lakini ukiendelea kulala kwenye moshi, dawa yangu itakuwa kazi bure. Kifua hiki hakina miaka mingi ya moshi iliyobaki."

Mama alimjibu, "Hongera kwa kazi, baba," maana ndivyo alivyozoea kumaliza mazungumzo asiyoyapenda.

Nilijaribu njia ya fundi kwanza. Nikatoboa paa la jiko na kuweka bomba la bati la kutolea moshi. Wiki haikuisha nikalikuta limezibwa kwa gunia.

"Umeifungulia baridi mlango, baba," mama aliniambia. "Na mbegu zangu je? Ulitaka zilale nje?"

Mdogo wangu alipopata habari alituma fedha. Alijenga. Matofali ya kuchoma, mabati, vyumba vinne na sebule, choo cha ndani, madirisha ya vioo yanayotazama mlima. Mimi ndiye niliyesimamia na kutengeneza milango yote kwa mbao za paini, na sina aibu kusema kwamba ni milango mizuri. Nilipomaliza nilisimama katikati ya sebule na kuona kwamba mama yangu, kwa mujibu wa ukurasa wangu, amehama safu bila kuvuka bahari.

Hakuhamia. Mchana alikuwa akiingia, anaacha viatu mlangoni, anakaa ukingoni mwa kitanda kipya na khanga magotini kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Baada ya muda anatoka na kurudi jikoni. Nilimuuliza kasoro iko wapi nirekebishe.

"Nyumba nzuri," alisema. "Lakini imenyamaza mno. Nikikohoa, inanijibu."

Nilielewa upande wa ufundi: chumba kikubwa, sakafu ya saruji, hakuna vitu ndani. Nikaleta mapazia na zulia. Haikusaidia. Wajukuu waliokuwa wakimzunguka jikoni walikuwa wamekua na kuondoka, mmoja Tanga, wengine Dar es Salaam, wa mwisho yuko shule ya bweni. Jedwali langu lilisema kweli kwamba safu ya kulia ina watoto wengi, ila halikusema wanakwenda wapi wakikua. Mke wangu alijitolea kulala naye. Mama akamrudisha usiku wa kwanza: mwanamke mwenye mume wake hatoki kwake kwenda kulalia nyumba ya mkwe. Kwa desturi yetu alikuwa sahihi. Mzee hulala chumba kimoja na mjukuu, na mjukuu hakuwepo.

Basi akatafuta wajukuu. Hakunishirikisha. Jumapili moja nilimkuta barazani kwenye nyumba mpya, amekaa na msichana aliyevaa sketi ya shule, kando yao kuna ndoo, godoro lililofungwa kamba na kiroba cha viazi.

"Nimepata mtu," mama alisema.

Msichana alikuwa anatoka Mgwashi, mjukuu wa mwanamke ambaye mama alicheza naye ngoma za usichana. Alikuwa amechaguliwa sekondari huku kwetu na alikuwa akiishi mjini katika chumba cha kupanga, akijipikia mwenyewe kwenye jiko la mafuta, kama wanavyofanya watoto wengi wa vijiji vya mbali. Wiki mbili baadaye akamvuta mwenzake. Mwenzake akamvuta mwingine. Muhula haukufika katikati kila chumba kingine kilikuwa na wasichana wawili, na chumbani kwa mama alilala mmoja mdogo wa kidato cha kwanza, aliyekuwa akiota kwa sauti.

Jirani yetu wa upande wa chini, mjane aliyekuja zamani kutoka Njombe na mumewe kuchuma chai na hakurudi tena, alipanda kuja kushuhudia.

"Shoga, umefungua bweni?"

"Karibu. Kuna nafasi ya matroni."

"Mimi na uzee huu nikawapigie watoto kengele? Nitakuja kula tu."

"Hilo ndilo unaloliweza tangu uteremke kwenye lori la chai."

Walicheka mpaka mama akakohoa. Lakini alikohoa kidogo, na ndani ya nyumba ile hakukuwa na kilichomjibu. Alikuwa amehama jikoni. Bila kuambiwa na mtu alipanda juu ya kigoda na kuling'oa lile gunia kwenye bomba langu, kwa kuwa sasa kulikuwa na wapishi wengi na moshi uliwakera. Mbegu alizihamishia pembeni. Ndani ya miezi michache nilimwona akipanda kutoka bondeni na kichwani ana kabichi mbili, hapumziki popote.

Alinikataza kumwambia mdogo wangu. "Nitamwambia mwenyewe akija, aone kwa macho."

Alikuja wakati wa baridi, mwezi ambao asubuhi huoni mti ulio mbele ya mlango. Nilimpokea stendi. Alikuwa amekonda, amevaa jaketi jepesi na kusema hasikii baridi yoyote. Njia nzima alizungumza kuhusu kulala. Alisema atalala mpaka saa nne. Alisema hataki kuona mtu wala kusikia jina lake likiitwa.

Barazani wasichana walikuwa wamejipanga, wamefua soksi, wamepaka mafuta. "Shikamoo, shangazi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba," mdogo wangu alijibu. Akamgeukia mama. "Hawa ni wageni wa nani?"

"Si wageni. Ni watu wa nyumba."

"Nyumba gani, mama?"

"Hii."

Aliingia, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine, na milango yangu haikutoa mlio wowote. Akarudi sebuleni. "Na mimi chumba changu kipi?"

"Chagua," mama alisema kwa furaha kabisa. "Kila kimoja kina nafasi ya mtu mmoja."

Kwa mama hayo yalikuwa mapokezi ya heshima. Chumba kitupu ni aibu ya mwenye nyumba, dalili kwamba watu wanamkimbia. Alikuwa amemtayarishia binti yake nyumba isiyo na aibu hata kona moja. Niliuona uso wa mdogo wangu na nikachukua masanduku yake ili nipate cha kufanya.

Alinifuata karakanani. Alikaa juu ya rundo la mbao, akaokota ganda jembamba la mbao lililotoka kwenye randa na kulizungusha kidoleni kama tulivyofanya utotoni.

"Watu tisa, kaka. Choo kimoja. Maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, nimeona ndoo. Daktari alisema hewa safi, hakusema mpange watoto kama samaki."

"Kifua kimepona karibu chote," nilisema. "Analala ndani kwa sababu yao."

"Unajua kule kazini nawainua watu wazima kutoka kitandani? Nawageuza, nawaosha, nawasikia wananiita hata nikiwa kwenye basi la kurudi kwangu. Kila siku nikimaliza nafikiria kitu kimoja. Chumba kitupu, juu ya mlima, hakina mtu wa kuniita. Hicho ndicho nilichokijenga. Mama nilimjengea kifua, mimi nikajijengea chumba kitupu."

Nilikuwa nimeipima nyumba ile kwa futi zote na hilo sikulipima.

"Na usinisomee kitabu chako," aliongeza. "Usije ukaniambia kwetu ni pazuri kwa sababu watu ni wengi. Kule mtoto akipata homa, daktari yuko mtaa wa pili. Hapa tumezika wadogo zetu wawili kwa homa, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa matope."

Hilo ni kweli, nami nililiandika moyoni kama lilivyo. Hakuna mistari ya jedwali niliyowahi kuiona iliyo ya kweli kuliko hiyo.

Usiku wa kwanza alilala katika kitanda kimoja na yule wa kidato cha kwanza, au tuseme alilala macho. Asubuhi akamwambia mama kwa upole, kama muuguzi, kwamba wasichana warudi kwenye vyumba vyao vya kupanga, yeye atazungumza na wazazi. Likizo fupi ilikuwa inaanza Jumamosi. Waondoke na mizigo yao yote.

Mama hakubisha. "Nyumba ni yako, mama," alimwambia, na sisi tunaoijua sauti ile tukajua kwamba jambo halijaisha.

Jumamosi wasichana wakafunga magodoro yao kamba. Yule wa Mgwashi alifagia chumba alichokuwa akilala, akafagia na kile ambacho hakukilalia, akaweka ufagio nyuma ya mlango kichwa chini. Jioni hiyo mama naye akakunja godoro lake, akalibeba kuvuka uwanja hadi jikoni. Mdogo wangu alimwona akipita dirishani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuangalia mbegu zangu."

Siku mbili za mwanzo mdogo wangu alilala kama alivyotamani. Mchana ukungu uliingia hadi barazani, nyumba ikawa kama kitu kilichofungwa ndani ya pamba, na yeye akawa anatembea humo kwa miguu mitupu, anafungua chumba, anakitazama, anakifunga. Aliniambia ameota yuko ndani ya yai. Alikuwa na raha, sitaki kumsingizia. Na kutoka jikoni tulianza tena kusikia kile kikohozi, kwanza cha asubuhi tu. Nilipochungulia, bomba langu lilikuwa limezibwa. Mdogo wangu alimbembeleza mama arudi ndani, akamwambia waziwazi kwamba anajiua. Mama alimwitikia kila neno na hakuhama.

Nami huamka na adhana, nifungue karakana kabla baridi haijalegea. Siku ya tatu nilipotoka nilimkuta mdogo wangu amesimama katikati ya uwanja, kati ya nyumba na jiko, amejifunika khanga mbili, umande umemkaa kwenye nywele. Jikoni mama alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu kinachotafuta mahali pa kuishia.

"Hujalala?" nilimuuliza.

"Nimelala. Nimeamka nimeisikia redio."

"Redio gani? Hamna redio mle ndani."

"Simu yangu." Alizungumza polepole, kama anayesoma kitu kilicho mbali. "Nilipokwenda kulala niliiwasha redio ya simu, nikaipeleka chumba cha pili, nikafunga mlango. Sikumbuki hata kufanya hivyo, kaka. Mkono tu umefanya. Nimeamka nasikia watu wanazungumza ukutani, nikafurahi, nikadhani wasichana wamerudi."

Ukungu ulikuwa unapita kati yetu na jiko, moshi umechanganyika nao, hutofautishi. Mama alikohoa tena na mdogo wangu akafumba macho akihesabu pumzi zake, nadhani, kama walivyofundishwa.

"Huyu bibi wa kule," alisema, "ana watoto wanne. Wote wazima, wana kazi nzuri. Kila mmoja ana nyumba yake na vyumba vyake." Kisha akasema, "Leo kuna gari la kwenda Mgwashi?"

Kwetu, mtu uliyemtoa nyumbani kwako humrudishi kwa kumtumia salamu. Unakwenda kwa miguu yako. Tukaenda wote wawili. Bibi wa yule msichana alitupokea vizuri kupita kiasi, akatuandalia chai, viazi na matunda damu, akauliza habari za Ulaya, za mvua, za bei ya kabichi Lushoto, na muda wote huo mjukuu wake alikuwa uani anapukuchua mahindi kana kwamba hatujui kuwa yupo. Mdogo wangu aliomba radhi mara ya kwanza, bibi akamwongezea chai. Akaomba mara ya pili.

"Mwanangu," bibi alisema hatimaye, "mjukuu wangu si gunia la kupakia na kushusha."

"Ni kweli, mama. Kosa ni langu."

"Mama yako kifua kikoje?"

"Kibaya. Amerudi jikoni."

Bibi alitazama chini. Akasema kumbe angeanza na hilo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara, akatoa sharti: mtoto asome mezani, si kitandani, macho yake yanauma. Aligeuka kunitazama mimi. "Wewe si ndiye seremala?"

Nilitengeneza meza moja ndefu ya sebuleni, inayotosha wote. Wasichana walirudi likizo ilipoisha, isipokuwa mmoja aliyekuwa ameshapata pengine. Mdogo wangu naye alibakiza chumba kimoja, kile kidogo cha mwisho, kikawa chake, kitupu, na ufunguo akaweka mfukoni. Mama alimwonea huruma kwa hilo. Siku wasichana walipoingia na magodoro yao, mama alivuka uwanja na lake kabla hata hawajamaliza kumwamkia, na wa kidato cha kwanza akalipokea mlangoni. Kwenda kuling'oa gunia bombani tulimwachia mdogo wangu. Alishuka kigodani na uso mweusi kama mbegu, wasichana wakacheka, naye akawaacha wacheke.

Wiki ya mwisho alilala chumbani mwake na mlango akauacha wazi.

Sasa yuko tena kule. Mimi nimeendelea na masomo. Niko kwenye historia, na hiki kitabu kina jalada. Ukurasa wa jedwali bado ninao, nimeubandika ukutani karakanani juu ya misumari. Naamini yaliyoandikwa humo. Maji yetu bado yanatoka mara mbili kwa wiki, na mlima unaendelea kuwa na mistari myembamba zaidi. Ila nikifika kwenye mstari wa vyumba randa yangu hupunguza mwendo.

Kila jioni, giza likianza kuingia Lushoto na kule kwao jua bado liko juu kidogo, simu ya mama inaita. Hawana mengi ya kusema. Mama anasema amekula, anasema kifua hakijambo, na mdogo wangu anamwambia aiweke simu koridoni, juu ya kabati, asikate. Mwanzoni nilidhani anataka kuisikiliza nyumba yake mwenyewe. Nilimuuliza Jumapili moja.

"Sisikilizi mimi," alisema. "Naiweka chumba cha pili kwa bibi, nafunga mlango, naendelea kuosha vyombo. Redio yake iliharibika."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema siku hizi watangazaji wanacheka sana. Na kuna mmoja anakohoa, lakini si sana."

Nilimweleza mama. Aliuliza bibi mwenzake huyo analala upande gani wa ukuta. Tangu siku hiyo, kabla ya kuelekea kwenye mkeka wake wa sala, huinama mbele ya kabati, akaisogelea simu kama anavyosogelea dirisha la jirani, akaiamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi," kisha akangoja kidogo. Nyuma yake wasichana wanavuta viti kwenye meza, mmoja anamlaumu mwenzake kwa kuficha rula, na maji yanachemka jikoni chini ya bomba lililo wazi.